Pampu Iliyofukizwa Udi

Mngurumo niliusikia kutoka ngazini, kabla sijaiona pampu. Hata leo, grisi na udi vikininukia pamoja, huikumbuka siku ile. Kiwanda cha pampu alichokianzisha babu kilikuwa kimebakiwa na mteja mmoja; asiponunua, tungefunga. Mama alikuwa akiifukiza udi pampu mpya ili mteja aipende.

"Pampu hiyo au bi harusi?" baba alimtania.

"Nyamaza, bwana wee, mgeni yuaja," mama alimjibu.

Mteja aliingia, akaipapasa, akaisikiliza kwa makini.

"Nzuri, fundi," alimwambia baba. "Lakini za ng'ambo ni rahisi zaidi."

"Basi karibu kahawa."

"Siku nyingine, inshallah."

Kikombe chake mama alikuwa ameshakijaza. Baba akaizima pampu, na katika ule ukimya tukausikia mlango ukifungwa nyuma ya mgeni.