Sakafu ya Mkamwana

Juzi nilipata wazimu wa kubandika vigae sebuleni kwangu. Mwenyewe, bila fundi, maana siku hizi kila kitu kinafundishwa kwenye simu. Nikatazama video hadi kichwa kikauma, kisha nikauliza kwenye kundi letu la WhatsApp: je, naweza kubandika vigae juu ya sakafu ya zamani bila kuibomoa? Majibu yakamiminika. Mmoja akasema naweza, mwingine akasema nitajuta, wa tatu akanitumia bei za vigae vyake. Halafu mtu nisiyemjua kabisa akaandika mstari mmoja: "Dada, kwanza angalia mlango wako unafungukia ndani au nje." Nikaiweka simu chini. Nilicheka, ndugu yangu, nikacheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka, na machozi yenyewe yakakataa kukoma hata kicheko kilipokwisha.

Nililelewa mtaa wa Kanyenye, katika nyumba ya matofali ya udongo aliyoijenga babu, mzazi wa baba, enzi zake za useremala. Babu sikumkuta. Nilichokikuta ni mlango wake wa mbele, mninga mtupu, mzito, aliouchonga kwa mikono yake mwenyewe. Kila Ijumaa asubuhi bibi aliupaka mafuta ya karanga, akausugua kwa kitambaa huku akiusemesha kwa sauti ya chini. Ndani ya nyumba ile uliweza kuvunja sahani ukasamehewa. Lakini ole wako ukionekana umeupiga teke mlango wa babu.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa ndiyo kwanza naanza kung'oka meno. Mama aliugua kifua, akalazwa hospitali kule Kitete, na akakaa huko hadi nikaanza kuisahau sauti yake. Watoto hatukuruhusiwa wodini. Baba alishinda kwenye cherehani yake sokoni, na bibi ndiye aliyepeleka chakula, na kila alipokwenda alinifungia ndani. Si kwamba alikuwa mkatili. Alikwisha kumzika mume, mkamwana wake alikuwa kitandani hajulikani atapona au la, na mjukuu naye akipotea njiani angemwambia nini mwanawe? Hayo nayajua leo. Wakati ule nilijua tu mlio wa ufunguo ukizunguka, harufu ya mafuta ya taa na mchicha wa jana, na sauti za wenzangu wakicheza rede barabarani huku mimi nimekumbatia nondo za dirisha. Niliichukia nyumba ile. Nasema wazi.

Tena nyumba yenyewe ilizidi kujifunga mwaka hadi mwaka, na aliyeifunga ni ushauri. Bibi alikuwa haachi mtu apite. Ukimsalimia tu barazani, "Shikamoo bibi," anakujibu, "Marahaba, hebu njoo uniangalizie ukuta huu." Kuuliza si ujinga, ndivyo alivyopenda kusema, na kweli hakukuwa na ujinga, ila kulikuwa na deni la heshima. Mtaani kwetu ukimwomba mtu ushauri, kesho yake anapita kukagua. Akikuta hukuufuata, ananuna, na salamu zinakuwa fupi. Basi bibi aliufuata wote. Mwalimu, jirani yetu wa mkono wa kulia, alisema mlango wa uani unaita wezi. Bibi akauziba kwa matofali. Mama wa maandazi alisema madirisha yetu ni mapana mno. Zikaja nondo. Mtu mwingine alisema vumbi linashuka kutoka kwenye bati, bibi akashona viroba na kututengenezea dari. Kila msimu tulikuwa salama zaidi, na kila msimu tuliwasha taa mapema zaidi.

Lazima nikwambie pia habari ya bibi na mama, maana bila hiyo hutanielewa. Mama alitoka Lusu, kwa wakulima wa Nzega, na bibi alikuwa mwanamke wa mjini hasa, wa pilau na udi. Hakuwahi kumtukana mama. Alikuwa tu na namna yake ya kusema "watu wa shamba" huku akitazama pembeni. Kila asubuhi mama alipiga magoti kumsalimia kwa desturi ya kwao, "Mwangaluka," na kila asubuhi bibi alimjibu "Marahaba," kana kwamba alikuwa amesikia shikamoo. Kinyamwezi alikijua vizuri sana. Nilikuwa nikimsikia akipatana nacho bei ya asali na akina mama wa vijijini. Ila kwa mama hakukitoa.

Sasa siku moja bibi alirudi kutoka Kitete amebadilika uso. Mama angeruhusiwa kurudi nyumbani, lakini muuguzi alikuwa amesema kifua kile hakitaki unyevu wala vumbi. Sakafu yetu ilikuwa ya udongo. Bibi hakula jioni ile. Asubuhi alikuwa barazani mapema, na safari hii hakungoja watu wapite, aliwafuata majumbani kwao.

Mwashi mstaafu wa nyumba ya pili alisema, "Mama, ukiipiga sakafu pale pale ilipo, mvua ikija maji ya barabarani yote ni yako. Inyanyue." Mama wa maandazi akasema chini uweke udongo wa kichuguu, ndio unaoshika ukishindiliwa. Mwalimu akasema saruji mbichi haitaki upepo wala miguu ya kuku, kwa hiyo mlango uwe umefungwa. Mwashi akamalizia, "Na mnaanzia mlangoni, mnarudi nyuma kuelekea chumba mnacholala, msije mkajikuta mmesimama kwenye kona." Ukiuchukua mmoja mmoja, kila ushauri ulikuwa sahihi. Ndiyo maana mpaka leo sijapata wa kumlaumu.

Tulishindilia udongo wa kichuguu mimi na bibi, tukiimba. Udongo ukafika sawasawa na ukingo wa chini wa mlango. Mlango ukaanza kukwaruza, bibi akadhani umekauka, akauongezea mafuta. Siku ya saruji baba alituchanganyia, akatumwagia lundo katikati ya sebule, kisha akaenda hospitali ili alale huko na asubuhi amlete mama. Bibi akafunga mlango. Tukaanzia pale pale mlangoni, yeye na mwiko wa kusawazisha, mimi na kopo la maji, tukarudi nyuma polepole hadi chumbani. Alijifunga kanga kiunoni, magoti yamechubuka, na alikuwa akisema peke yake, "Atatembea bila viatu. Kama sebule ya hotelini." Sikuwahi kumwona na furaha ile.

Asubuhi sakafu ilikuwa imeshika, baridi na laini. Bibi aliniita niikanyage. Kisha akazungusha ufunguo, akavuta mlango. Haukusogea. Akavuta tena, nami nikamshika kiuno tukavuta wote wawili. Ndipo alipotazama chini. Mlango ulikuwa unafungukia ndani, na saruji ilikuwa imeupanda kimo cha vidole viwili upana wake wote. Alikaa chini pale pale. Mlango wa uani ni matofali. Madirisha ni nondo. Nilianza kulia, na nilichokuwa nalia ni kwamba mama anakuja na mimi siwezi kutoka.

Akaja kweli. Nilikuwa wa kwanza kumwona kupitia dirishani, amekaa kwenye keria ya baiskeli, baba akiisukuma taratibu. Alikuwa amekonda, kanga imemzunguka mara nyingi kupita zamani. Nikapenyeza mkono kwenye nondo lakini baraza lilikuwa pana, vidole vyetu havikufikiana, na yeye hakuwa na nguvu ya kupanda kuja dirishani. Alikaa kwenye ngazi.

"Fungua basi, mama," baba akaita.

"Haufunguki," bibi akajibu kutoka ndani.

"Haufunguki vipi?"

Hapo mtaa wote ulikuwa umeshafika. Washauri wote, kila mmoja na lake. "Ng'oeni bawaba!" Bawaba ziko ndani na mlango umezama kwenye saruji, ungetokaje? "Kateni nondo!" Kwa msumeno wa nani, na mpaka lini? Mwashi akaleta uso wake dirishani, akaangalia, akashika kichwa. "Sakafu ni changa bado," akasema. "Vunjeni sakafu. Nyundo na tindo tu, nusu ya sebule, mlango utazunguka." Wengi wakaitikia kwamba ndiyo hiyo.

Bibi alikuwa amesimama katikati ya kazi yake, mikono imemning'inia. Ndipo nilipomsikia mama, sauti ndogo niliyokuwa nimeisahau, akisema kwa adabu ileile ya kila siku, "Mama, kama hamnitaki niambieni tu. Baba watoto anirudishe kwetu Lusu. Sitakasirika."

Baba akasema, "Hapana, mke wangu, sivyo," lakini watu walikuwa wamekwisha kutazamana. Unajua watu. Mkamwana anatoka hospitali anakuta mlango umefungwa, na mama mkwe yumo ndani. Nilitaka kupiga kelele kwamba si kweli, kwamba tuliimba, lakini nikabaki nimeng'ang'ania nondo. Sijawahi tena kukwama namna ile, hata nikiwa mtu mzima, na nimekwama mara nyingi.

Bibi akaenda chumbani, akarudi na sanduku la zana za babu.

"Sakafu haivunjwi," akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Sakafu ni ya mkamwana wangu. Nakata mlango."

Kila mtu pale aliujua mlango ule. Mwashi akasema, "Basi ngoja, nitamwita seremala aukate kwa huku nje."

"Mkono mwingine hautaugusa. Wewe nielekeze tu."

Akapiga magoti. Mwashi akiwa amebana shavu kwenye nondo, akamwelekeza: atoboe kwa keke mashimo yaliyokaribiana, mstari mmoja juu kidogo ya saruji, kisha amalizie kwa patasi. "Usiikandamize sana, mama. Iache izunguke yenyewe." Mimi nilishika kichwa cha keke kwa viganja vyote viwili, bibi akazungusha mpini. Unga mwekundu wa mninga ukatumwagikia magotini, na harufu yake ikajaa sebuleni kama vile babu anafanya kazi. Bibi alilia muda wote, wala hakuficha, wala hakuacha kuzungusha. Nje hakuna aliyeshauri tena.

Jua lilikuwa limepanda sana kipande cha chini kilipoachana na mlango. Mwanga ukaingia kwa chini, mwembamba, ukatambaa juu ya sakafu mpya. Nikalala kifudifudi na kuchungulia. Niliona magoti ya mama. Alikuwa amejikokota kutoka kwenye ngazi hadi mlangoni na kupiga magoti upande wa pili, mgonjwa vile, kwa sababu mama mkwe wake alikuwa chini naye hawezi kukaa juu.

Bibi aliyaona pia. Kabla mama hajasema neno, akatanguliza yeye, akimwita mama kwa Kinyamwezi, kupitia kwenye upenyo ule: "Mwangaluka, mayu."

Sikusikia jibu, maana mlango ulifunguka na mimi nilikuwa shingoni kwa mama.

Mama alipona taratibu, akatembea bila viatu, na neno la kurudi Lusu halikutajwa tena. Upenyo tuliishi nao. Vifaranga walipita chini, vumbi likaingia, na mtoto wa jirani asiyefikia kitasa aliita kwa kuinama. Bibi alipozeeka akawa hawezi kuinuka, mama ndiye aliyemwogesha, na walikuwa wakisemezana Kinyamwezi mchana kutwa kama wasichana wa kisima kimoja.

Sasa mtaa ule siutambui. Mwashi, mwalimu na mama wa maandazi wote wametangulia, na mabaraza yameliwa na fremu za maduka. Mimi mwenyewe nimezungukwa na ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu. Nikikwama ndani leo, majirani wataona taa inawaka, watadhani niko salama. Nyumba tuliiuza baada ya baba kufariki, na mnunuzi akaleta vijana wa kuibomoa. Matofali ya udongo yalianguka kwa siku moja. Sakafu ndiyo iliyowasumbua.

Nilikuwa nimemshika mama mkono barabarani, naye mzee tayari, tukitazama. Kijana mmoja alinyanyua nyundo kubwa pale ulipokuwa mlango. Mama akauvuta mkono wake kutoka kwangu, akaingia kwenye kifusi, akamgusa kijana yule begani.

"Hapo piga polepole, mwanangu," akamwambia. "Hapo mama yangu alipiga magoti."