Nguva Wako Kusini

Wifi yangu Iola Garnett hakuwa mwongo. Ukimwuliza bei ya samaki alikutajia bei yenyewe, na ukimwuliza kama gauni lako jipya limekupendeza alikwambia ukweli hadi ukatamani kulichoma. Mimi nililichoma moja. Lakini ukimwuliza nguva wako wapi, alinyoosha mkono wa kulia kuelekea kusini, kwenye Ghuba ya Misonobari, akakueleza taratibu kona ya kukata na mti wa kufungia boti. Na huko kusini hakuna nguva hata wa dawa.

Kazi hiyo aliirithi. Nyumba yao ndiyo ya kwanza ukishuka gatini, kwa hiyo kila mgeni anayeingia Ginger Point huanzia kwenye baraza yao. Enzi za mama mkwe wangu, Bi Clothilde, wageni walikuwa wanaume wa pwani wenye vyusa na kamba, wakitafuta nyama ya nguva wakaiuze jijini Belize na kuiita ya ng'ombe. Sheria ya kumlinda nguva ilikuwapo hata wakati ule, ila ilikaa jijini, na jiji liko mbali. Bi Clothilde hakuwa na bunduki wala cheo. Alikuwa na mkono wa kulia. Akawafundisha wanawe, wanawe wakafundisha majirani, na kijiji kizima kikalelewa hivyo, mtoto anajua kuelekeza kusini kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mimi niliolewa hapa kutoka mto wa pili, na somo langu la kwanza ukweni halikuwa mapishi.

Nguva wenyewe wako kaskazini. Mto wetu, kabla ya kumwaga maji yake kwenye ziwa la chumvi, una shimo refu, na chini ya shimo kuna chemchemi ya maji matamu. Hapo ndipo wanapokuja kunywa na kulala, wanene, wapole, mikia yao duara kama sinia. Maji ya mto yana rangi ya chai, kwa hiyo huwaoni. Utaona pua tu, inachomoza, inapumua kama mtu aliyechoka na kazi, inazama. Iola alikwenda huko kwa mtumbwi kila Jumapili wakati wa ibada. Alitumbukiza kafi majini, akaweka sikio kwenye mpini wake, akatulia. Alisema anawasikia wakizungumza. Nilimwambia wenzake Jumapili husikiliza mchungaji. Akanijibu kwamba mchungaji hurudia mambo.

Ikaja kampuni moja ya utalii. Ilitaka kuwachukua wageni wa meli kubwa na kuwapandisha mto wetu kwa boti za kasi hadi kwenye mapango. Sheria ilisema idara ya wanyamapori ichunguze kwanza: kama mtoni kuna nguva, boti ziende polepole au zisiende kabisa, na kama hakuna, njia ni nyeupe. Idara ikamtuma Marisela Cawich, binti wa mji wa Orange Walk, mwembamba, mwenye kofia kubwa kuliko mabega yake. Alianza kwa ndege, ikaruka chini chini juu ya mto, akaona chai. Kwa hiyo akaja kwa boti, akapanda barazani kwa Iola, akauliza nguva wako wapi.

Sasa, idara haikuja na chusa. Lakini ilikuwa mgeni, na sisi mgeni anayeuliza nguva tunamjua dawa yake. Iola alimpa mkate wa nazi na maji ya ndimu, akanyoosha mkono. Marisela, kwa kuwa alikuwa mtu makini, hakuridhika na mtu mmoja. Akapita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba mkono ukanyooka kusini. Alikwenda Ghuba ya Misonobari, akarudi pua imeungua na magoti yana matope, akatuaga kwa adabu. Tulicheka hadi mbavu zikauma. Mume wangu Alden alisema hajawahi kuona mtu akishukuru vile kwa kupelekwa kwenye tope.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Tangazo la idara lilipobandikwa dukani lilisema Ghuba ya Misonobari ifuatiliwe zaidi, na kwamba kwenye mto wetu hakuna dalili ya nguva. Kampuni iliruhusiwa kujaribu njia hadi siku ya mkutano wa wananchi, ndipo uamuzi utolewe. Boti zikaanza kupita, zikiacha mawimbi yanayopiga mikoko kama mtu anayefukuza kuku.

Nilimwuliza Iola tufanye nini. Akasema boti zitachoka, kama vyusa vilivyochoka. Niliona hata yeye haamini alichosema, maana alikuwa anakuna sufuria iliyokwisha takata.

Asubuhi ya siku ya mkutano aliniita kutoka mtoni. Nilimkuta amesimama kwenye mikoko, maji kiunoni, mkono wake uko juu ya mgongo wa nguva aliyekufa. Alikuwa jike tuliyemwita Mkia-Nusu, kwa sababu kipande cha mkia wake kililiwa na kitu tangu akiwa mdogo. Mgongoni alikuwa na mikato, mmoja baada ya mwingine, imepangana sawasawa, ya pangaboi la injini. Iola alikuwa analia waziwazi, kamasi na yote. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku tulipomzika mama yake.

"Wifi," akasema, "mimi ndiye niliyewaambia hawapo."

Nilimwambia sote tulisema hivyohivyo.

"Kwangu ndiko alikoanzia kuuliza."

Tulimfunga Mkia-Nusu kamba kwenye mzizi ili maji yasimchukue, tukashika njia ya nyumbani. Njiani ndipo aliponieleza kilichokuwa kinamkaba. Akinyamaza, mkutano utapitisha boti na boti zitawamaliza. Akisema, shimo litaingia kwenye karatasi, karatasi itafika jijini, na jijini wanunuzi wa nyama hawajafa wote. Mama yake siku za mwisho alimshika mkono wa kulia, si wa kushoto, akamwambia mkono huu usije ukakosea. Nikamwambia marehemu hakuwahi kuona boti zile. Akasema ndiyo, lakini nguva waliochinjwa aliwaona.

Mkutano ulifanyika shuleni. Marisela alikaa mezani na mwenyekiti wa kijiji, na bwana wa kampuni alikaa pembeni, amevaa viatu visivyowahi kukanyaga tope. Mwenyekiti alipouliza kama kuna mwenye neno, Iola alisimama.

"Nguva wapo mtoni," akamwambia Marisela. "Wako kwenye shimo, karibu na mdomo wa mto. Nilikudanganya."

Kisha mzee Egbert Slusher, fundi wetu wa boti, akavua kofia yake, akainuka. Akasema kwa huruma nyingi kwamba wageni wamsamehe Bi Iola, jua limekuwa kali siku hizi, na kila mtu anajua nguva wako kusini. Akainuka mwingine: kusini. Akainuka mama muuza korosho: kusini, hata babu yake aliwaona huko. Hawakuwa na ubaya wowote. Walidhani mwenzao amebanwa akateleza, wakawa wanamwokoa kama walivyofundishwa na mama yake mwenyewe. Nilimfinya Alden paja ili asithubutu, lakini alikuwa ameshasimama, ndugu yake wa tumbo moja, akinyoosha mkono. Bwana wa kampuni alikunja nne, akasema yeye hana la kuongeza, wananchi wenyewe wamesema.

"Kaeni chini," Iola akasema. "Alden, na wewe kaa. Uongo huu ni wa mama yangu, na aliuacha nyumbani kwangu. Uliwafaa wenye vyusa, kwa sababu wenye vyusa walikuwa wanauliza njia. Boti haziulizi."

Hakuna aliyekaa.

"Mkia-Nusu amekufa. Yuko kwenye mikoko, nimemfunga kamba. Nendeni mkamwangalie mgongo, halafu mrudi mniambie yuko kusini."

Mzee Egbert ndiye aliyekaa wa kwanza. Alikaa polepole, kofia ikiwa mapajani, na wengine wakafuata mmoja mmoja. Kisha akamgeukia Marisela.

"Wako kaskazini, binti," akasema. "Samahani kwa ile pua."

Marisela hakucheka wala hakukasirika, au kama alikasirika aliificha hasira chini ya ile kofia. Alisema anashukuru, ila watu waliosema kusini na kaskazini ndani ya saa moja hawezi kuwaandika kama ushahidi. Uamuzi utasubiri. Kesho yake atakwenda mwenyewe.

Tulikwenda watatu, mimi nikiwa nyuma napiga kafi. Marisela alianza kwa Mkia-Nusu. Alimpima, akampiga picha, akapitisha kidole kwenye kila mkato. Kisha tukaenda shimoni. Iola alimpa kafi lake, akamwonyesha jinsi ya kuweka sikio, na Marisela akasikiliza amefumba macho. Halafu akatoa chombo chake kutoka mkobani, kinasa sauti cha majini chenye waya mrefu, akakitumbukiza, akamvisha Iola visikizio.

Maisha yake yote Iola aliwasikia kupitia mti wa kafi, kwa mbali, kama watu wanaoongea nyumba ya pili. Sasa aliwasikia kama wamekaa naye jikoni. Nilimwona uso unafunguka. Akawa anatabasamu, anatikisa kichwa, mara moja akacheka. Halafu akakunja paji la uso.

"Huyu anayerudiarudia," akauliza, "anasema nini? Wengine wanajibizana. Huyu hajibiwi."

Marisela alichukua visikizio, akasikiliza, akamrudishia.

"Ni mtoto. Anamwita mama yake."

Wifi yangu alivua visikizio, akaviweka mapajani. Akatazama maji ya chai ambayo hayaonyeshi kitu. Kisha akavivaa tena, akakaa navyo muda mrefu, mabega yake yakitikisika, na mimi na yule binti tukatazama mikoko.

Nilimwuliza Marisela kama mtoto atapona. Akasema kwa sauti yake ni mkubwa kiasi cha kula majani mwenyewe, na jike mwingine anaweza kumvumilia. Akasema pia kwamba hajui. Nilimpenda kwa hilo.

Kurudi ndiko walikogombana. Iola alimwambia akiandika mahali pale amewauza. Marisela akasema asipoandika boti zinapita kesho kutwa. Iola akasema kwa hiyo amevunja neno la mama yake ili wafe kwa chusa badala ya injini. Waligombana hadi gatini, wakashuka wakigombana, wakala wakigombana, na mimi nikawaongezea wali wa maharagwe maana niliona hawa wataelewana. Watu wasiojaliana hawagombani hivyo na mdomo umejaa.

Mwisho walipatana hivi. Marisela aliandika yote, sauti, mikato na shimo, lakini mahali pa shimo pakabaki kwenye kabati la idara. Alisema sheria inamruhusu kuficha makao ya mnyama anayewindwa. Kwenye ramani ya watu wote mto mzima, kuanzia mdomoni hadi mapangoni, ulipakwa rangi moja, na mto mzima ni mwendo wa polepole. Mtu akiutazama hajui walipo, anajua tu asikimbie. Bwana wa kampuni alikuja kulalamika kwamba kwa mwendo ule wageni wake watafika mapangoni wamezeeka. Mzee Egbert akamwambia basi watafika na hekima.

Iola hakurudi shimoni kwa muda mrefu. Jumapili alikaa barazani na kafi lake limelala. Siku aliyokwenda tena alirudi akaniambia ule wito haupo. Labda yule mdogo amepata wa kumjibu. Labda sivyo. Siku moja tuliona pua ndogo pembeni ya pua kubwa, na tuliamua ndiye.

Marisela huja kila kiangazi kuwakagua upya, na hulala kwa Iola. Kiangazi kilichopita tulikuwa barazani watatu tunakula mkate wa nazi, boti nzuri ikafunga gatini. Akashuka mwanamume mchangamfu. Ndani ya boti niliona kamba mpya kabisa, na jokofu la barafu kubwa kuliko samaki yeyote wa huku. Alitusalimia vizuri, akasema amesikia sifa za nguva wetu, na angependa kujua wako wapi hasa, awapige picha.

Iola alikuwa na mkate mdomoni. Kabla hajaumeza, Marisela aliinuka na shati lake la idara, akajifuta makombo vidoleni. Macho yake yalipita kidogo kwenye namba ya ile boti. Kisha akanyoosha mkono wa kulia kuelekea Ghuba ya Misonobari, akamweleza yule bwana taratibu kona ya kukata na mti wa kufungia boti. Mwanamume akashukuru sana, akaondoka.

Iola alimtazama binti yule. Akamsogezea sahani yenye mkate uliobaki.

"Kiwiko kilegeze kidogo," akamwambia. "Mama alikuwa anakilegeza."