Fungu la Mkunazi kutoka Temeke

Nilitoka nyumbani Manzese kwa sababu mama alitaka majani mabichi. Madaktari walikuwa wameshainua mikono, wakatuambia tukamuuguzie nyumbani. Mama, aliyetulea sote kwa majani, akaniagiza kivumbasi na mwarobaini vya kujifukizia, mchaichai wa kunywa, na mkunazi.

"Huo mkunazi usinisahaulie," alisema. "Na uwe mbichi. Mkavu hautoi povu."

Kwetu watu wa pwani mkunazi una kazi mbili: huogeshewa mwenye kuwashwa ngozi, na huoshewa maiti. Mama alikuwa akijikuna tangu macho yake yalipogeuka manjano. Nikaing'ang'ania sababu hiyo.

Sokoni Manzese, asubuhi, nilikuta unga mtupu kwenye vichupa, kila kichupa kinatibu kila kitu. Muuzaji akaapa kwamba unga wa mkunazi ni uleule. Nilimwacha na viapo vyake, nikapanda basi la mwendokasi hadi kituo cha Gerezani, kisha bajaji kwenda soko la Temeke. Njia nzima nilikuwa na hasira na kila mtu mwenye afya.

Temeke nilifika jua limeshakuwa kali. Nyuma ya wauza mchicha nilimkuta Bi Zuhura, muuza majani ya dawa, majani yake kayafunika kwa gunia lililoloweshwa. Nilimwamkia, akanipa kigoda. Alinieleza kuwa kivumbasi kitiwe chunguni chungu kikishaepuliwa motoni, harufu isipotee, na mwarobaini usizidi, mgonjwa asije akatapika. Mfa maji haachi kutapatapa. Nikamsikiliza kama mwanafunzi, na kwa kitambo kidogo nikaamini mama atapona. Nilipotaja mkunazi, mkono wake ukasimama.

"Wa mgonjwa au wa maiti?" aliuliza. "Wa maiti mie hufunga fungu kubwa."

"Wa mgonjwa," nikamjibu kwa ukali asiostahili.

Hakukasirika. Alinifungia fungu dogo, akamwombea mama afya.

Nyumbani nilirudi alasiri. Nilichemsha chungu, nikamfunika mama blanketi, akavuta ule mvuke mpaka jasho likamtoka. Alisema kifua kimefunguka. Nilifurahi kipumbavu. Kisha nikamwambia kwamba nimemletea na mkunazi, nimwogeshe. Akaomba auone. Aliushika, akaugeuzageuza.

"Mbona kidogo?" aliuliza.

Nikasema unatosha kuogea. Aliniangalia kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi, akaniambia niutie majini usinyauke. Hakutaka kuogeshwa siku hiyo.

Alfajiri mama alifariki.

Dada zangu walipotandika kitanda cha kuoshea, waliuliza mkunazi uko wapi. Nikawaonyesha kile kifungu ndani ya ndoo. Hakikutosha. Nilijitanda khanga nikarudi Temeke, njia ileile. Safari ya kwanza nilidhani natafuta dawa, kumbe mama alikuwa anajiandaa, na alinituma mimi ili nisije nikashtukizwa. Nilimwelewa tangu asubuhi ile na nikakataa kumwelewa. Nilichojifunza ndicho hicho, na hakinisaidii kitu.

Bi Zuhura aliponiona hakuuliza wa nani. Alifunua gunia, akafunga fungu kubwa.