Mwanafunzi wa Benchi la Nyuma

Nina miaka hamsini na mitatu, na mwaka jana nilikuwa mwanafunzi wa binti yangu. Yeye ni katekista wa kigango chetu hapa Kianda, Kibera. Mimi nilimzaa, nikamwogesha, nikamsomesha kwa kuuza sukuma wiki, halafu Jumamosi moja nikajikuta nimekaa benchi la nyuma kabisa katikati ya watoto wa sekondari, naye yuko mbele ameshika chaki ananiambia nifungue kitabu. Wee! Nilimwangalia hivi, nikafungua kitabu.

Nilibatizwa nikiwa mchanga, nyumbani Magharibi mwa Kenya. Nilipofika miaka kumi na mitatu, kabla sijapokea Komunyo ya kwanza, nililetwa Nairobi kulea watoto wa watu, Kawangware. Mwajiri wangu hakujua Jumapili ni nini. Nilipokuwa msichana mkubwa nilijaribu kujiunga na mafundisho pale pale Kawangware, katoto kamoja ka darasa la nne kakanicheka nilipokosea Baba Yetu, nikasimama, nikakatukana kenyewe, nikamtukana na mwalimu, nikaenda zangu. Hasira zangu ni za karibu, sikatai. Nikaolewa, nikahamia Kibera, nikazaa, nikazika mume, na miaka hiyo yote sikurudi darasani.

Lakini kanisani nilikwenda kila Jumapili. Na kila Jumapili, saa ya Ekaristi ikifika, watu wanainuka wanakwenda kupokea, mimi nabaki kwenye benchi. Wanapita juu ya magoti yangu, "samahani mama, samahani mama." Mimi nainama natafuta kitu ndani ya mkoba. Hakuna kitu ndani ya mkoba. Wanangu wote watatu walipokea, nikawashonea nguo nyeupe, nikawapikia watu chapati, na mimi mwenyewe nikabaki nimekaa. Iliniuma, msifikiri ni mazoea. Ilikuwa inaniuma kila wiki upya.

Basi binti yangu, kitindamimba, jioni moja akaniambia, "Mama, Askofu anakuja parokiani Kawangware mwezi wa nane kutoa Kipaimara. Ukijiandikisha sasa, utapata Kitubio, Komunyo na Kipaimara, vyote mwaka huu. Ama unangoja nini?" Nikamwambia aache kunipanda kichwani. Akasema, "Sawa, basi endelea kutafuta kitu kwa mkoba." Nilimrushia mfuniko wa sufuria. Haukumpata. Jumamosi nikaenda darasani.

Tulikuwa ishirini na wawili, wengi wao kidato cha kwanza na cha pili. Msichana aliyekaa karibu nami aliniita mathe, mama kwa lugha yao, akanitunzia nafasi, na hakunicheka hata siku moja. Shida yangu ilikuwa kitabu. Maandishi madogo kama mchanga, na miwani nilikuwa nimekataa kununua kwa sababu miwani ni ya wazee. Kwa hiyo nilisoma kwa masikio. Binti yangu alikuwa na desturi aliyofundishwa na katekista aliyemtangulia: anauliza maswali kwa mpangilio ule ule, kuanzia benchi la mbele, swali moja kwa kila mtoto, hadi anafika kwangu, kila Jumamosi vivyo hivyo. Mimi nilisikiliza yote ishirini na mawili, kwa sababu sikuwa na njia nyingine.

Nikirudi kibandani kwangu nakata sukuma huku nasema peke yangu. Mungu ni nani. Kwa nini alituumba. Sakramenti ni nini. Mwenye nyumba wangu ni mama wa Kinubi, Mwislamu wa tangu babu yake, alikuwa akija kununua mboga ananisimamia pale. "Leo umeshika swali lipi?" Namwambia, leo dhambi ya mauti na dhambi nyepesi. "Haya, tofauti yake?" Nikikosea, haondoki na mboga yake mpaka nipate. Alinisumbua mama yule, lakini alinifaa.

Watoto nao walikuwa wamegundua jambo mapema. Kwa vile kila mmoja anakaa mahali pake, kila mmoja anajua swali lake. Wa tatu anakariri jibu la tatu, wa kumi jibu la kumi, basi. Muda mwingine wote wako kwa simu chini ya benchi. Binti yangu alifurahi sana. Alikuwa akirudi nyumbani ananiambia darasa lake linajibu kama maji. Mimi nilijua na sikusema neno, maana niliona nikisema nitaharibu furaha yake, na wale watoto wataniona mnoko, mchongezi. Hilo lilikuwa kosa, na baadaye nililipeleka Kitubio.

Kwa kawaida mwalimu hatahini darasa lake. Mwezi wa saba tukapelekwa Kawangware tukatahiniwe na padre wa huko, mzee mmoja mkavu, sauti kama anakohoa. Tulitoka Kianda kwa miguu, tukapita nyuma ya Soko la Toi, tukakata Ngong Road, watoto wanaimba mimi nahema. Tulipoingia ukumbini, kila mtoto alikaa mahali pake pale pale, kama darasani. Binti yangu alikuwa amevaa kitenge changu kizuri. Padre akaingia, akatusalimu, akatembea moja kwa moja hadi nyuma. Hakuanza mbele.

Mimi nilikuwa nimeinama nafunga kiatu, akanipita, akamwuliza msichana wangu jirani, "Sakramenti ni ngapi?"

Maskini mtoto akasimama, akajibu kwa sauti safi, "Ni kwa sababu anatupenda, na anataka tuishi naye milele mbinguni."

Padre akakunja uso. Akamwuliza kijana wa mbele yake, "Nani alituumba?" Kijana akasema, "Kujuta, kuungama, na kutimiza malipizi." Wa tatu aliulizwa nini maana ya Kipaimara, akataja wazazi wa Yesu. Wa nne akaanza kulia tu. Jamani, niliona aibu. Lakini nilipomwangalia binti yangu, aibu ikageuka kitu kingine. Alikuwa amesimama ukutani, mikono imeshika kitenge kama alivyokuwa akikishika akiwa mtoto.

Padre akafunga daftari. "Mwalimu," akasema, "hawa wamekariri viti. Hawajui imani yao. Mwaka huu siwezi kupeleka hata mmoja mbele ya Askofu. Rudini nao mwakani."

Mwakani! Nilihisi kama mtu ameniondolea benchi nililokalia. Nikawaza, mimi nitarudi tena Jumapili kukaa na mkoba wangu, mwaka mwingine mzima? Nani ameniahidi mwaka mwingine? Na hasira zangu zikanipanda zile zile za zamani, miguu ikataka mlango. Ukumbi ni ule ule niliotoka nikitukana nikiwa msichana. Nilisimama kweli. Lakini safari hii sikwenda mlangoni.

"Padre," nikasema, "mimi bado hujaniuliza."

Akageuka. Nafikiri alidhani mimi ni mzazi niliyewasindikiza watoto. "Wewe pia ni mwanafunzi?"

"Ndiyo. Na mwalimu ni binti yangu. Niulize lolote, anzia popote unapotaka."

Akauliza. Sakramenti, nikazitaja saba, kutoka Ubatizo hadi Ndoa. Dhambi ya mauti inahitaji mambo gani, nikampa matatu: jambo zito, kujua, na kukubali kwa hiari. Akaniuliza, kwenye Ekaristi tunapokea mkate? Nikamwambia, hapana Padre, ni Yesu mwenyewe, mzima, mkate umebaki sura tu. Alikuja karibu. Watoto wote wamenigeukia. Halafu akauliza, "Amri ya tisa?"

Ikapotea. Wallahi, kama ningekuwa mwenye nyumba wangu ningeapa hivyo. Nikahesabu kwa vidole kwa sauti, ya kwanza, ya pili, mpaka usiseme uongo, nikaruka hadi usitamani mali ya mtu. Kidole kimoja kimebaki hakina amri. Ndipo ikanijia kwa nini: ile ya tisa inasema usitamani mwanamke asiye mke wako, na mimi siku zote nilikuwa nairuka kwa kuona hainihusu. Nikaisema, nikamweleza na sababu.

Padre alicheka mpaka akakohoa kweli. "Na waume za watu je?"

"Hao ndio siwataki kabisa, Padre. Mmoja alinitosha."

Ukumbi mzima ukacheka, hata aliyekuwa analia. Padre akafuta macho, akaniambia, "Mama, wewe umepita. Utapokea." Nikataka kuruka. Lakini binti yangu alikuwa bado pale ukutani. Nikasema, "Padre, majibu haya sikuyasoma mimi. Niliyasikia kwa watoto hawa, kila mmoja na lake. Imani iko humu ndani yote, ila imegawanywa. Tupe wiki mbili. Mimi nitawachanganya." Akatutazama, akasema wiki mbili, hata siku moja zaidi hapana.

Wiki mbili hizo kibanda changu hakikuwa cha mboga. Kila jioni baada ya shule watoto walikuja, hakuna anayekaa mahali alipokaa jana, simu zote ndani ya karai langu la nyanya. Binti yangu anauliza huku, mimi nauliza kule, mwenye nyumba akipita anauliza naye. Kwanza waligombana, kisha wakaanza kufundishana. Siku ya mtihani wa pili Padre alianzia katikati, akarukia mbele, akarudi nyuma. Wote ishirini na wawili tulipita. Binti yangu alipiga vigelegele ndani ya nyumba ya Mungu, na sikumgombeza.

Jumapili ya Askofu kanisa la Kawangware lilifurika hadi uani. Nilikuwa nimeungama, nimevaa nguo nyeupe niliyojishonea mwenyewe. Askofu alinipaka mafuta kwenye paji la uso, na baadaye mstari wa Komunyo ukaanza kusonga, binti yangu nyuma yangu. Nikafika. Askofu akainua hostia, "Mwili wa Kristo."

"AMINA!"

Ilitoka kwa nguvu hata kwaya ikakatika. Askofu alishtuka, akatabasamu, akaniwekea ulimini. Machozi yalikuwa yamefika kidevuni. Binti yangu akanivuta nguo kutoka nyuma, ananong'ona, "Mama, polepole, watu wanaangalia!"

Nilimeza kwanza. Kisha nikageuka nikamwambia, "Waangalie. Nimengoja miaka arobaini, sina Amina ya polepole."