Mjomba na Mlinzi Aliyelala kwenye Filamu

Mjomba alilinda mlango wa benki mpaka akastaafu, na mtaa mzima unamwita Afande. Gwanda alirudisha, kofia akabaki nayo. Akienda kuoga anaivua mlangoni mwa bafu, na akitoka anaivaa kabla ya shati.

Juzijuzi mwenye ukumbi wa video alinunua televisheni kubwa kama kitanda, akawa anatafuta mtu wa kuilinda. Kazi ilikuwa ya Mjomba kabisa, walibakiza kupeana mikono tu. Ndipo ikaonyeshwa ile filamu ya Kifaransa ya kuchekesha, ya wezi wa benki.

Kifaransa hatukijui. Mwenye ukumbi anatafsiri kwa kipaza sauti, naye hakijui vilevile, lakini wezi wakikimbia anasema wanakimbia, na inatosha. Wezi watatu wanachimba shimo, wanatokea jikoni kwa mama mkwe wa mkubwa wao, wanaoshishwa vyombo, wanaanza kuchimba upya. Wakifika benki wanamkuta mlinzi amelala. Wanambeba na kiti chake mpaka barabarani, wala hashtuki.

Watu walipotoka kila mmoja alikuwa na lake. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alisema wale wezi ni mazuzu, yeye angepita mlangoni kama mteja. Fundi cherehani hakujali wizi. Alikuwa amelipenda koti la mkubwa wao, ila mshono wa begani ulimkera. Mama muuza nyanya alikuwa upande wa mama mkwe. Lakini juu ya mlinzi wote walikuwa kitu kimoja: yule ndiye utamu wa filamu.

Mjomba alikuwa ametoka pale pale mlinzi alipobebwa, tukamkuta nje amenuna. Akasema ni uongo mtupu, mlinzi wa benki hata akifumba macho, masikio yako kazini. Mwenye ukumbi akajikuna kisogo, akasema kuhusu ile kazi, ngoja kwanza afikirie.

Mjomba akaona tonge linamponyoka. Akadai filamu irudiwe kesho mchana, awaonyeshe watu wote ni wapi imedanganya.

Kesho yake alikuja na kiti chake cha mikono, akakaa mbele kabisa. Kwenye shimo akauliza udongo wote ule umekwenda wapi, na kweli hakuna aliyejua. Kwa mama mkwe akajiegemeza kitini. Wezi walipoingia benki, mlinzi wa kwenye filamu akawa anakoroma, tukasikia na mkoromo wa pili.

Hakuna aliyetoa amri. Kinyozi alishika mguu mmoja wa kiti, fundi mwingine, mama wa nyanya mwingine, na mimi uliobaki. Tukavuka naye barabara, tukamweka ndani kwa kinyozi, uso kwa uso na kioo.

Alipofumbua macho akaona mtu mwenye kofia anamkodolea.

"Simama hapo hapo," akamwambia. "Kitambulisho."

Watu walikaa chini kwa kucheka. Mjomba akajifuta mdomo, akatuangalia mmoja mmoja.

"Nilikuwa macho. Nilitaka nijue mnanipeleka wapi."

"Afande," mwenye ukumbi akasema, "televisheni yangu sikupi."

Mjomba akaanza kuburuta kiti chake kwenda nyumbani. Hajafika mbali, mwenye ukumbi akamfuata kumuuliza Jumamosi ana nafasi, maana watu wanaitaka filamu ile tena, na wanamtaka na yeye.

Sasa ana kazi. Kila Jumamosi anakaa mbele na kuwaonyesha watu uongo wa filamu, kisha anabebwa. Mwisho wa filamu hajauona mpaka leo. Mkewe akimuuliza wale wezi walipata nini, anamjibu kwamba hiyo ni siri ya kazi.