Pa Kuuweka Uso wa Nzilani

Mulei, mpiga picha wa soko la Zombe, alikuwa mtu wa ajabu kidogo, na mimi fundi cherehani wa jirani yake sikuchoka kumtania. Wateja wenye pesa wanamngoja studioni, yeye yuko nje amechuchumaa vumbini, kamera usawa wa macho ya mtu anayelala barazani. Mwaka wa njaa walikuja wapiga picha wa mbali, wakasimama, wakapiga kutoka juu, wakaenda zao. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mulei aliomba ruhusa kwanza, na akikataliwa aliondoka bila kununa.

Aliyemkataa kila mara ni Susu Nzilani. Sote tulimwita susu, yaani nyanya, ingawa hakuwa na mtoto wala mjukuu. Alilala kwenye baraza ya kinu cha posho, na unga ulimtulia kichwani hata hukujua mvi zake zinaishia wapi.

Kisha mzee mmoja wa kulala sokoni akafa, akazikwa haraka bila jina, maana hakuna aliyemjua. Siku hiyo hiyo Nzilani alikuja studioni.

"Mulei, nipige. Nikienda, mtu abaki akijua nilikuwa na sura gani."

Kesho yake alifagia baraza, akanyunyiza maji, akaketi wima. Mulei akapanda barazani na kamera yake, Susu akamzuia.

"Kwani kwa watu unaingia tu hivyo?"

Nilicheka mpaka uzi ukanikatikia. Mulei akashuka, akapiga hodi pale pasipo na mlango. Susu akamkaribisha, na uso aliomkaribisha nao ndio alioupiga.

Jioni Mulei aliniita kwenye chumba cha giza anamosafishia picha. Karatasi ililala tupu ndani ya maji ya dawa. Yakaja macho, kwanza macho tu, halafu mikunjo, halafu leso, nyeusi na nyeupe, kama mtu anayetoka polepole kwenye ukungu wa Julai. Nilijisikia kama niko kanisani, na mimi si mtu wa kanisa sana.

Kesho yake studioni Susu aliitazama picha muda mrefu, kisha akairudisha.

"Nitaiweka wapi? Panya watakula."

Mulei akataka kuiweka dirishani mwa studio.

"Mimi si sukari ya kuuzwa, mwanangu."

Akaenda zake mikono mitupu. Niliumia sana kumwona akivuka soko.

Mulei aliipeleka picha nyumbani. Mkewe, Mutindi, hakuuliza maswali. Alipigilia msumari ukutani, kati ya picha ya harusi yao na ya marehemu mama mkwe. Jumapili wakamwalika Susu, nami nikajialika, maana sikosi penye chapati.

Alisimama mbele ya ukuta.

"Nani ameniweka hapa katikati ya watu?"

"Ni mimi," Mutindi akasema.

"Na siku nikifa?"

"Jeneza lako litatoka kwa hii nyumba, susu. Shamba ni letu, tutakuzika hapo nyuma karibu na mama. Na watoto tutawaonyesha, huyu ni Nzilani."

Susu alilia wazi wazi, kiganja ukutani. Hata mimi nililia, niseme ukweli. Kisha akavua viatu, akaketi, akauliza katika nyumba hii chai huwa tayari saa ngapi.