Bawa Ndani ya Friji la Samaki

Shemeji yangu Guelord ni bingwa wa kuyeyusha barafu, katika mji ambao barafu tunainunua. Kampuni moja ndogo ya ndege hapa Bunia ilimpa kazi ya kutengeneza programu ya kompyuta. Ilitakiwa kukadiria joto la nyaya za kuyeyusha barafu zilizomo ndani ya bawa, maana bawa huganda huko mawinguni hata kama sisi huku chini tunatoka jasho.

Basi, ili kuipima programu yake, akateka friji langu la kugandishia. Samaki wangu wa ziwani Tchomia wakatupwa kwenye beseni, kikaingia kipande cha bawa kuukuu chenye nyaya zake. Nilikasirika, lakini mdogo wangu Joëlle, mke wake, anayeniita yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, akanibembeleza: "Vumilia, yaya. Ni mambo ya science."

Science yenyewe niliiona kwa macho yangu. Kompyuta inasema barafu imeisha. Guelord anafungua friji, barafu iko palepale imemkodolea macho. Mtu mwingine angerekebisha kompyuta. Yeye alichukua kitambaa changu cha jikoni, akapangusa bawa, akaandika kwamba limeyeyuka lote.

"Ile ya kubakia ni marge tu, kosa kidogo la kuruhusiwa, yaya," akaniambia. "Kila hesabu iko na marge."

Kampuni ikafurahi. Guelord akanunua tai ya shingoni, akachinja mbuzi, akataka hata watoto wake wamwite Ingénieur. Tulikuwa bado tunakula, akaingia rubani Camille, mwanamke anayesafirisha wagonjwa kwa ndege ya kampuni hiyo hiyo.

"Ingénieur, asante sana. Nyaya tumeshafunga sawa vile kompyuta yako ilisema. Na desturi ya siye unaijua: mwenye alitengeneza, anapanda wa kwanza. Kesho iko mawingu mingi juu ya milima. Weye utakaa pembeni yangu."

Mfupa wa mbuzi ukamtoka mkononi.

"Commandant, niko na homa."

"Dawa iko mu ndeke."

Joëlle akacheka akidhani ni utani. Mimi sikucheka. Niliwafikiria wale wagonjwa. Nikaenda jikoni, nikarudi na kile kitambaa, nikamwekea juu ya sahani yake.

"Beba, shemeji. Utapangusa kule juu."

Guelord akakitazama, akalegeza tai.

"Commandant, ngoja kwanza," akasema. "Ile barafu haikuyeyukaka."